Kupiga Picha za Mchezo kwa Nuru ya Jukwaa



Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, nalo ni namna ya kupiga picha za mchezo wa kuigiza katika ukumbi wenye nuru haba, pasipo kutumia taa ya kamera. Yaani ile taa iwakayo mara moja kama umeme wa mvua, ambayo watu wengi huiita flashi. Labda mmoja wenu atasema, “Hayo ni mambo ya watu wa mijini wenye thieta kubwa, sisi wa vijijini yatufaa nini?” Twamwomba asiondoke upesi. Shule zetu nyingi hucheza michezo siku ya kufunga masomo au siku ya wazazi. Vikundi vya vijiji navyo hucheza usiku, kwa taa ya umeme au kwa karabai. Na popote panapochezwa mchezo siku hizi, watu huinua simu zao kupiga picha. Basi jambo hili limekwisha kuingia mlangoni kwetu, na yafaa tulijue vizuri.

Tuanze na habari iliyotupata sisi wenyewe. Katika chuo chetu cha ualimu tulicheza mchezo wa Juliasi Kaizari, ule ulioandikwa na Shakespeare wa Uingereza, ukaletwa katika Kiswahili na Mwalimu Julius Nyerere, ambaye tafsiri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1963. Wanafunzi walijifunga mashuka meupe kuwa mavazi ya Kirumi, na majambia yakachongwa kwa mbao. Akakosekana mtu wa kucheza mtabiri, yule amwonyaye Kaizari ajihadhari na tarehe 15 Machi. Maneno yake ni machache, lakini hofu yote ya mchezo huanzia kwake. Tukamwomba mzee mpishi wa chuo, ambaye alikuwa ametupikia miaka mingi, naye akakubali kwa furaha. Kila jioni baada ya kuosha masufuria alikuja ukumbini kujizoeza pamoja na vijana, nao walimwita Babu.

Kwa ajili yake tulitengeneza nuru ya namna ya peke yake. Taa zote zilizimwa, ikabaki moja tu upande wa kushoto wa jukwaa, ili nusu ya uso wake ionekane na nusu ibaki gizani. Usiku wa mchezo ulipofika, mzee akatokea polepole akiegemea fimbo. Mara simu zikainuliwa, taa zikaanza kumweka, hapa na pale, kumi, ishirini. Na sisi walimu, twakiri mbele yenu, tulikuwa miongoni mwa wapigaji. Mzee akaziba macho kwa mkono, asijue pa kukanyaga, na maneno yakampotea. Watu wakacheka. Kaizari akasimama akingoja kuonywa, asionywe. Hatimaye mwanafunzi mmoja aliye nyuma ya pazia akamnong'oneza mzee maneno yake, na mchezo ukaendelea; lakini ile hofu tuliyoijenga kwa majuma sita haikurudi tena usiku ule.

Tulipokwenda kumwomba radhi, mzee hakukasirika. Alisema tu, “Walimu wangu, mlinileta kutabiri ya Kaizari, kumbe yangu mwenyewe sikuyaona. Macho yalijaa nyota.”

Mwaka uliofuata mzee yule alifariki dunia. Wanawe wakaja chuoni wakauliza kama tunayo picha ya baba yao siku ya mchezo, maana alikuwa akiisimulia nyumbani mara kwa mara. Tukakusanya picha zote kutoka kwa walimu na wanafunzi, tukazitazama, tukaona haya. Katika karibu zote mzee ameziba macho. Uso wang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Nyuma yake kivuli cheusi kimejibandika ukutani. Na vichwa vya watazamaji wa mbele vimeng'aa kuliko mchezaji mwenyewe. Ilipatikana moja tu iliyo njema. Ilipigwa na msichana mmoja wa mwaka wa pili, siku ya mazoezi ya mwisho, akiwa ameegemea nguzo ya ukumbi, pasipo taa yoyote ila ile ya jukwaani. Katika picha ile mzee ameinua mkono mmoja, nusu ya uso wake i katika nuru, na jicho lake latazama mbali kama lionalo jambo ambalo wengine hawalioni. Hiyo ndiyo picha tuliyowapa wanawe. Na haya tutakayosema leo, mengi tulijifunza kwa msichana yule.

Kwanza tuulize: kwa nini taa ya kamera haifai katika mchezo? Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba haifiki. Nuru hupungua upesi kuliko tudhanivyo. Kitu kilicho mita 3 kutoka kwenye taa hupata nuru kiasi fulani. Kikipelekwa mita 6, hakipati nusu ya nuru ile, bali robo tu. Na kikiwa mita 12, hupata sehemu moja ya 16. Basi mtu aketiye safu ya kumi na kuwasha taa ya simu yake hammuliki mchezaji. Ammulika kichogo mtu aketiye mbele yake. Ndiyo maana picha zetu zilijaa vichwa.

Sababu ya pili ni kwamba taa hiyo, hata ikifika, huua nuru ya jukwaa. Wenye mchezo walikaa wakafikiri: hapa pawe na giza, hapa pawe na nuru kidogo, huyu amulikwe upande mmoja. Hiyo nayo ni sehemu ya mchezo kama yalivyo maneno na mavazi. Taa ya kamera hutoka mbele moja kwa moja, ikafuta vivuli vyote, ikafanya nyuso kuwa bapa kama sahani. Mtu huyo hakupiga picha ya mchezo. Amepiga picha ya taa yake mwenyewe.

Sababu ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni kwamba taa hiyo huwadhuru watu katika kazi yao. Jicho lililozoea giza likipigwa na nuru kali ya ghafula haliwezi kuona vema papo hapo. Mchezaji aweza kujikwaa au kuanguka kutoka jukwaani. Na watazamaji waliokuwa wamezama katika mchezo hutolewa nje yake, kama mtu aamshwaye usingizini kwa kofi.

Zamani hapakuwa na njia nyingi. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesiamu wa kuwashwa wakati wa kupiga picha. Uliwaka kwa nuru kubwa na kujaza chumba moshi. Lakini mwaka 1924 kiwanda cha Ernemann, katika mji wa Dresden, kilitoa kamera iitwayo Ermanox, yenye lenzi pana iliyobuniwa na Ludwig Bertele. Lenzi ile iliingiza nuru nyingi hata watu wakaweza kupiga picha ndani ya nyumba na katika thieta, wakati wa mchezo wenyewe, pasipo unga wala moshi. Mwaka 1925 ikatokea kamera ndogo ya Leica, iliyotumia filamu kama ile ya sinema. Na mwaka 1928 Erich Salomon, Mjerumani aliyekuwa amesomea sheria, akapiga picha ndani ya mahakama kwa kamera ya Ermanox pasipo watu kutambua. Kamera za siku hizi, na hata simu nyingi, huona gizani kuliko vyombo vyao vile. Basi, kama wao waliweza, sisi tuna udhuru gani?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kamera hukusanya nuru kama mtu akingavyo maji ya mvua. Mvua ikiwa kubwa, hata kikombe hujaa upesi. Lakini ikiwa manyunyu tu, mkingaji ana njia tatu. Aweza kuweka chombo chenye mdomo mpana. Aweza kukiacha chombo nje kwa muda mrefu. Au aweza kuridhika na maji machache, akayatumia vivyo hivyo pamoja na takataka zilizomo. Njia hizo tatu ndizo zilizomo katika kamera, na mpiga picha wa nuru haba hana budi kuzijua zote.

Mdomo wa chombo ni tundu la lenzi. Ukubwa wake huandikwa kwa namba kama f/2, f/4, f/8, na wageni wa kazi hii hushangaa kuona kwamba namba ndogo ndiyo yenye tundu kubwa. Lenzi iliyofunguliwa f/2 huingiza nuru mara nne kuliko ile iliyofunguliwa f/4. Kwa hiyo, katika ukumbi wa giza, fungua tundu lote. Ukitaka kununua au kuazima lenzi kwa kazi hii, usitazame urefu wake wala ukubwa wa umbo lake. Tazama namba hiyo. Lenzi ndogo isiyokuza, yenye f/1.8, yafaa kuliko lenzi kubwa ya kuvuta vitu vya mbali yenye f/5.6. Ila jua kwamba tundu likiwa wazi sana, sehemu iliyo sawasawa katika picha huwa nyembamba. Ukilenga pua, huenda sikio likawa na ukungu. Basi lenga jicho, tena lile jicho lililo karibu nawe.

Muda wa kuacha chombo nje ni muda ambao pazia dogo la ndani ya kamera hukaa wazi. Hapa pana mambo mawili ya kuhofia: mkono wako kutikisika, na mchezaji kutembea. Mtu asimamaye akisema, muda wa sehemu moja ya 60 ya sekunde waweza kutosha. Atembeaye au kupunga mikono ataka sehemu moja ya 125. Wapiganao na wachezao ngoma wataka sehemu moja ya 250, au hata ya 500. Ukitumia muda mrefu kuliko huo, mikono itaonekana kama moshi. Na kama ukumbi wenu una taa ndefu za mirija au taa nyingine za umeme ziwakazo kwa kupepesa, jua kwamba katika nchi zetu taa za namna hiyo hupepesa mara 100 kila sekunde, ingawa jicho halioni. Picha zikipigwa kwa muda mfupi sana, moja yaweza kutoka angavu na nyingine ya giza, au ikawa na mistari. Hapo rudi kwenye sehemu moja ya 100 au ya 50, ukangoje mchezaji atulie.

Njia ya tatu, ile ya kuridhika na maji machache, ni wepesi wa kuona nuru, ambao kipimo chake huitwa ISO. Mchana wa jua yatosha namba 100. Jukwaani weka 1600 au 3200, na kamera njema ya siku hizi yaweza kuvumilia 6400. Kadiri namba ipandavyo, picha huingia chengachenga kama unga uliosagwa bila kuchekechwa. Wengi huogopa chengachenga hizo, wakapunguza namba, na matokeo yake picha hutoka yenye ukungu wa kutikisika. Hilo ni kosa. Chengachenga hazimfanyi mtu asijulikane. Ukungu humfanya asijulikane. Picha ya mzee wetu ina chengachenga tele, na wanawe hawakuzitaja hata mara moja.

Wenye simu nao wasikate tamaa. Kwanza kabisa zima taa ya simu. Usiiachie simu iamue yenyewe. Pili, kama simu ina njia ya kupigia picha za usiku, usiitumie kwa mchezaji atembeaye, maana njia hiyo huacha kamera wazi kwa muda mrefu na kuunganisha picha nyingi kuwa moja. Yafaa kwa jukwaa tupu au kwa watu waliotulia kabisa. Tatu, usikuze picha kwa kutanua vidole juu ya kioo. Mara nyingi hiyo si kumsogeza mchezaji, ni kukata tu kipande cha picha na kukifanya kikubwa. Sogea wewe mwenyewe, kabla mchezo haujaanza.

Baada ya kujua chombo, jua kukishika. Msichana wetu aliegemea nguzo, akabana viwiko ubavuni, akatoa pumzi nusu, ndipo akabonyeza taratibu. Mahali pasipo nguzo, tumia ukuta, au goti lako, au mgongo wa kiti. Mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa maharage, ukiwekwa juu ya kiti na kamera juu yake, hushika kamera imara. Tena ipo hila ya kamba. Funga kamba kwenye skrubu iingiayo chini ya kamera, kanyaga ncha ya pili kwa mguu, kisha vuta kamera juu mpaka kamba ikaze. Kamba hiyo hupunguza kutikisika, wala haimzuii mtu aliye nyuma yako kuona.

Sasa twafika mahali ambapo wengi hukosea, nako ni kupima nuru. Kamera haijui iangaliacho. Hukisia tu kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, ni vya rangi ya kijivu cha wastani. Ikiona jukwaa lote ni jeusi na mtu mmoja tu amemulikwa katikati, husema moyoni, “Hapa pana giza mno,” ikaongeza nuru, na yule mtu akaungua kuwa mweupe pasipo macho wala midomo. Kinyume chake, kama pana mashuka meupe mengi, hupunguza nuru, na nyuso zetu nyeusi huzama gizani zisionekane.

Katika mchezo wetu wa Kaizari tulikutwa na mambo yote mawili kwa pamoja: giza nyuma, mashuka meupe mwilini, na nyuso nyeusi juu ya mashuka. Je, tumfuate nani? Twawaambia pasipo kusitasita: fuateni uso. Shuka halina la kusema. Uso ndio usemao. Kwa kamera, pima nuru usoni peke yake kama kamera yako yaweza, kisha punguza kidogo ili weusi wa uso ubaki weusi wake. Usiupaushe ukawa kijivu. Kwa simu nyingi, gusa uso juu ya kioo, kisha telezesha ile alama ya jua juu au chini mpaka uso uonekane kama uuonavyo kwa macho yako. Tazama paji la uso na mashavu: yakianza kuwa na mabaka meupe, nuru imezidi. Shuka likiungua kidogo pembeni, liache liungue. Tena, nyuso zetu huonekana vema zaidi zikimulikwa kutoka ubavuni kuliko kutoka mbele, maana hapo nuru huchora paji, pua na taya. Kwa hiyo si lazima kuketi katikati. Kaa upande ule ambao mchezaji ataugeukia.

Wenye kutengeneza mchezo nao waweza kusaidia. Watu wa thieta hupenda kulichovya vazi jeupe katika maji ya chai, likakauka, ili lising'ae mno chini ya taa. Watazamaji wataliona jeupe vilevile, lakini kamera itashukuru. Sisi tulijifunza hayo baadaye, na mashuka yetu sasa yana rangi ya maziwa.

Lakini ndugu zetu, hayo yote ya namba na kamba si moyo wa kazi. Tulipomwuliza msichana yule alipataje picha ile kwa nuru ndogo namna ile, tulidhani atatutajia namba za kamera yake. Yeye akajibu, “Mwalimu, nilimsikiliza Babu siku zote za mazoezi. Nilijua kwamba kabla hajaonya mara ya pili, huinua mkono, akanyamaza kidogo. Nikamngojea pale.”

Tazameni hekima ya neno hilo. Mzee alipoinua mkono na kunyamaza, alikuwa ametulia kama sanamu. Na mtu aliyetulia hahitaji nuru nyingi, kwa sababu pazia la kamera laweza kukaa wazi muda mrefu zaidi pasipo ukungu. Kila mchezo una mahali pa namna hiyo. Mtu arukaye hutulia kitambo kidogo sana kule juu kabla ya kushuka. Asemaye kwa hasira hukoma mwisho wa neno lake kuvuta pumzi. Apokeaye habari mbaya husimama wima kabla ya kulia. Aujuaye mchezo azijua nukta hizo kabla hazijafika, naye huwa tayari. Asiyeujua hubonyeza ovyo mara mia mbili akitumaini bahati, na nyumbani hukuta picha mia mbili za midomo iliyo wazi. Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu. Katika kazi hii uvumilivu ni sehemu ya nuru yenyewe.

Kwa hiyo, shauri letu kubwa ni hili: nendeni kwenye mazoezi. Mkisoma mchezo, na kuutazama mara mbili tatu kabla ya usiku wake, mtajua nani atokea wapi na taa ipi itawaka. Na mazoezi ya mwisho, yale yafanywayo kwa mavazi na taa zote, ndiyo saa njema kuliko zote ya kupiga picha. Hapo waweza kusogea karibu, na hata kumwomba mchezaji arudie kidogo, pasipo kumkosesha mtazamaji raha yake. Katika chuo chetu sasa tumeweka nusu saa baada ya mazoezi hayo kwa ajili ya wapiga picha peke yao. Na usiku wa mchezo twatangaza kabla pazia halijafunguliwa kwamba taa za kamera zizimwe. Watu wakielezwa sababu, hutii.

Tuseme pia juu ya adabu, maana mpiga picha ni mgeni katika kazi ya watu wengine. Omba ruhusa kwa mwenye mchezo kabla ya kuinua kamera. Ikiwa wachezaji ni watoto, wazazi na walimu wajue picha zitakwenda wapi. Punguza nuru ya kioo cha simu au cha kamera, kwa sababu katika giza kioo hicho ni taa nyingine machoni pa aliye nyuma yako. Kamera nyingine hutoa kijinuru chekundu kabla ya kupiga ili zijisaidie kulenga. Kizime hicho nacho. Nyamazisha mlio wote uwezao kunyamazishwa. Na kama kamera yako ina mlio usiozimika, bonyeza wakati wa makofi, au ngoma, au kicheko. Usisimame, usitembee mbele ya watu. Na saa nyingine weka kamera chini, utazame kwa macho yako mwenyewe, ili nawe uwe umeuona mchezo.

Kazi haikwishi ukumbini. Kesho yake zitazame picha zako kwa utulivu, ukachague chache. Kumi njema zatosha kuliko mia hafifu. Kama rangi zimeharibika kwa sababu ya mchanganyiko wa taa za manjano na taa nyeupe, igeuze picha iwe ya rangi nyeusi na nyeupe. Mara nyingi itapendeza zaidi, na zile chengachenga zitaonekana kama zilikuwamo tangu awali. Kisha fanya jambo ambalo watu wengi wa siku hizi hawalifanyi: zichapishe zile bora kwenye karatasi, ukaandike nyuma yake kwa penseli jina la mchezo, tarehe, na majina ya waliomo. Simu hupotea na simu huvunjika. Karatasi iliyowekwa mahali pakavu yaweza kumngojea mjukuu.

Basi, tukikusanya maneno yetu: zima taa ya kamera, fungua tundu la lenzi, chagua muda utakaomtuliza mchezaji, usiogope chengachenga, egemea kitu imara, pima uso, si shuka, na juu ya yote, ujue mchezo, ukingojee pale utakapotulia.

Wale wana wa mzee mpishi waliipeleka picha kijijini kwao. Tulipowatembelea tuliiona imetundikwa sebuleni, karibu na dirisha. Mjukuu wake mdogo, ambaye hakuwahi kumwona babu yake akicheza, alitushika mkono akatuongoza mbele ya picha, kisha akatuuliza, “Hapa Babu alikuwa akimwambia nani?” Tukaketi naye, tukamsimulia habari ya Kaizari tangu mwanzo.